Tupeane uzoefu: Baindingi za mtumba kwenye skii mpya

Mluguru wa Theluji (Lillehammer)
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mlioko huku kwenye baridi naombeni mawazo. Mwezi wa nne, maduka yalipokuwa yanamaliza mali, niliokota skii mpya kabisa, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, kwa nusu bei. Kiunoni, pale katikati palipo pembamba, zina milimita 98. Tatizo zilikuja tupu, bila baindingi, yaani vile vishikizi vya kukamata kiatu mbele na kisigino. Nikauliza bei ya mpya, nikarudisha pochi mfukoni. Karibu sawa na skii zenyewe!

Sasa jirani yangu, mzee wa Kinorwe, ana pea ya 2009 inaning'inia bandani tangu wanawe wahame. Anasema chukua bure. Na mimi niliyevaa mtumba tangu chekechea, neno bure nalijua utamu wake. Nimezishika, zinang'aa, ukibonyeza kisigino zinalia ta! Nani kashawahi kufunga za zamani kwenye skii mpya? Ilikuwaje?

Kisiki (Innsbruck)
Jirani mwema huyo, lakini subiri kwanza. Zangu zilikuwa za 2005 au 2006 hivi. Nilipofika nazo dukani fundi hakuuliza hata zimetumika kiasi gani. Alizigeuza, akasoma jina ubavuni, akachungulia kompyuta, akatikisa kichwa. Kumbe kila mwaka watengenezaji hutoa orodha ya modeli ambazo bado wanazibebea dhamana. Modeli ikishatolewa humo, duka likikufungia halafu ukavunjika mguu, kesi ni ya duka peke yake. Ndiyo maana hawagusi, hata uwape hela mara mbili.

Kosa langu ni kwamba nilinunua kwanza, nikauliza baadaye. Euro 40 hizo ziko ukutani mlangoni kwangu, natundikia kofia.

Mtu wa Bukavu (Québec)
Huku tunaziita fiksasio. Mimi orodha sikuijua wala fundi sikumwona, nilifunga mwenyewe na binamu yangu kwenye gereji. Skii zangu zina upana wa 104 kiunoni. Breki za zile fiksasio zilikuwa za 85. Mnajua breki? Ile mikono miwili ya waya inayoshuka kuchoma theluji kiatu kikichomoka. Sasa mikono ya 85 itapitaje ubavuni mwa skii ya 104? Haikupita, ilikaa juu ya skii kama kuku amelalia mayai. Binamu akasema tung'oe tu, breki za nini.

Siku ya kwanza, mteremko wa pili, nikaanguka. Kiatu kikatoka vizuri kabisa, sikatai. Lakini skii ya kushoto haikuanguka na mimi. Ilinyooka, ikashuka peke yake, inaongeza kasi, mimi nimekaa kwenye theluji napiga kelele "attention! attention!" Watu wanaruka pembeni. Kuna baba alikuwa na mtoto wa miaka kama minne katikati ya miguu yake. Skii ilipita kando yao, hata mita mbili hazifiki, ikaenda kujichomeka kwenye wavu chini.

Yule baba alinisubiri chini. Hakunipigia kelele. Aliniangalia tu. Ningependa angenipigia.

Mama Wawili (Minneapolis)
Mwe! Pole kwa huyo baba.

Zangu ni za tambarare, si za mlimani, kwa hiyo hadithi yangu haina damu, ina hasara tu. Binti yangu alijiunga na timu ya shule, wanafanya mazoezi kwenye bustani ya Theodore Wirth. Nikamnunulia skii mpya, nikasema baindingi natoa kwenye zangu za zamani, ni NNN, aina mojawapo ya baindingi za tambarare, za kufungwa na skrubu. Skii mpya ina kibao cha plastiki kimegandishwa juu tangu kiwandani, baindingi yake inaingia kwa kuteleza, bila tundu hata moja. Ya kwangu haiingii hapo hata uimbe. Nikanunua nyingine inayoteleza. Kuja kupima, kiatu cha mtumba nilichompatia ni cha SNS, aina nyingine isiyoingiliana na NNN. Geuzeni soli muone: SNS ina mfereji mmoja mpana, NNN ina miwili myembamba. Nilivinunua vyote bila kugeuza kitu chochote juu chini.

Mtoto akaniambia, Mum, yule Mkenya Philip Boit alimaliza wa mwisho Olimpiki ya Nagano 1998 lakini angalau viatu vyake viliingia.

Seremala (Umeå)
😂😂 Huyo mtoto apewe soda.

Mimi nimefanikiwa, ila msinielewe vibaya. Zilikuwa na miaka 5, nilizitoa kwenye skii zangu mwenyewe zilizopasuka, kwa hiyo najua zilikolala na zilipoangukia. Na zilikuwa bado kwenye orodha. Ya mtu mwingine aliyoiweka kwenye chumba cha boila miaka 15 nisingeigusa, maana plastiki inakauka na ufa unaanzia ndani usikouona.

Kwenye kutoboa usikimbilie keekee. Soma juu ya skii, nyingi zimeandikwa saizi ya tundu. Yenye bati ndani hutaka milimita 4.1, ya mbao tupu 3.5 au 3.6, kina milimita 9 au zaidi kidogo. Ukipitiliza unatokea upande wa pili na skii imekwisha. Mimi natumia ncha yenye kizuizi. Alama ya katikati ya kiatu ikae kwenye alama ya skii, halafu upime tena, halafu umwite mke apime. Gundi ya mbao isiyoogopa maji ndani ya kila tundu. Na bisibisi ni Pozidriv namba 3, inafanana na ile ya nyota ya kawaida lakini siyo. Ya kawaida itakula vichwa vya skrubu mpaka ulie.

Baada ya hapo nikazipeleka dukani zipimwe kwenye mashine kama zinafunguka kwa nguvu inayotakiwa. Hilo ndilo sikulifanya mwenyewe na sitalifanya.

Dada Nesi (Zürich)
Hapo kwenye mashine nakazia. Zangu nilizirithi kwa rafiki aliyehama. Kidirisha cha DIN, ile namba ya nguvu ya kuachia kiatu, kilisoma 5 pande zote, ndiyo namba yangu kwa uzito, urefu, umri na soli ya kiatu. Nilianguka polepole, karibu nimesimama. Mguu wa kulia ukafunguka, wa kushoto ukagoma, skii ikabaki inazungusha goti. Baadaye fundi mmoja alinifanyia hisani akazipima: ya kushoto inasoma 5 lakini nguvu ya kuifungua ni kama ya 8. Grisi ilikuwa imekauka kama nta. Kwa macho zilikuwa nzuri kuliko hizo zako, Mluguru. Goti lilinichukua miezi saba, na mimi kazi yangu ni ya kusimama.

Seremala (Umeå)
Pole sana dada. Mluguru, kiatu chako soli ikoje? Bapa au imepinda mbele?

Mluguru wa Theluji (Lillehammer)
Imepinda, ina raba, ubavuni imeandikwa GripWalk. Kwani?

Seremala (Umeå)
Basi. Za 2009 zilitengenezwa kwa soli bapa, hiyo yako haijazaliwa. Viatu vingine soli inabadilishwa, lakini hata ukibadilisha bado una suala la breki.

Mluguru wa Theluji (Lillehammer)
Nimetoka bandani sasa hivi na tochi. Breki zimeandikwa 80. Nimemrudishia mzee, nikamweleza yote haya kwa Kinorwe changu cha kuungaunga. Akacheka, akaniwekea kahawa, akaenda nyuma akarudi na skii za mbao za baba yake, zina baindingi ya Rottefella ya pini tatu, ule mtego wa panya aliobuni Bror With mwaka 1927. Anasema hizi hazina breki wala DIN, kwa hiyo hakuna cha kupima.

Sizifungi, msianze. Ila mwenye pea ya mtumba iliyo bado kwenye orodha, ya GripWalk, breki 100 hadi 110, na anaweza kuniambia ililala wapi, aje inboksi. Nauli ya posta juu yangu.