Mjadala: Moto wa Mlima Elgon uachiwe askari wa hifadhi, au wachungaji wapewe jukumu lao rasmi?

Ndugu wachangiaji, naileta mada hii kwa sababu kila kiangazi, kati ya Desemba na Machi, moshi ukionekana juu ya Elgon, mabishano ya hapa Bukwo na kule Kapchorwa, upande wa Uganda wa mlima huu, huwa ni yale yale. Wapo wanaosema kwamba wachungaji na warina asali ndio wanaowasha, kwa hiyo askari waongezwe na sheria ikazwe. Mimi nasema kwamba askari peke yao hawawezi kuumudu moto wa mlima huu, na kwamba mtu anayekimbizwa mwaka mzima kama mhalifu si rahisi kuitikia wito siku ya kuzima moto.

Tukumbuke tulikotoka. Mlima ulipofanywa msitu wa serikali mwishoni mwa miaka ya 1930, Wabenet, waliokuwa wakifuga na kurina asali kwenye nyanda za juu, waliruhusiwa kubaki humo chini ya Idara ya Misitu. Mwaka 1983 serikali ikaamua kuwateremsha na kuwatengea hekta 6,000 pembezoni mwa msitu. Mwaka 1993 mlima ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, vipimo vikaonyesha kwamba eneo lililogawiwa lilikuwa karibu hekta 7,500, na familia zilizokutwa kwenye ziada hiyo zikaitwa wavamizi. Miaka mitatu baadaye iliundwa Mamlaka ya Wanyamapori, na tangu hapo anayelinda mlima ni askari mwenye bunduki. Hukumu ya makubaliano ya Mahakama Kuu kule Mbale, ya tarehe 27 Oktoba 2005, iliwatambua Wabenet kuwa wakazi wa asili wa eneo hilo, lakini uhusiano wao na askari haukutengemaa kwa hukumu hiyo. Mtu akisoma historia hii bila kuangalia moto ataona ni habari ya ardhi tu, ilhali waliotolewa juu ndio waliojua upepo wa Januari unavuma kuelekea wapi na nyasi za bonde gani hukauka mwanzo.

Wanaopinga hutaja amri ya 1974 inayokataza kuchoma nyasi bila idhini. Amri hiyo ipo, na mimi siitetei tabia ya mtu kuwasha kiberiti na kwenda zake. Lakini neno la kuzingatia ni idhini. Katika hifadhi za Kidepo na Murchison, wahifadhi wenyewe huchoma nyasi mapema, kiangazi kinapoanza, zikiwa bado na unyevu, ili moto upite taratibu na kuacha vipande vyeusi ambavyo moto mkali wa baadaye hauwezi kuvivuka. Wafugaji wa mlimani wanaijua mbinu hiyo. Kwa nini basi anayeitumia huko akiwa na sare aitwe mtaalamu, na huku mzee mwenye mifugo akamatwe kwa jambo lilelile, badala ya kuitwa alifanye mbele ya askari, kwa siku iliyokubaliwa na mahali palipokubaliwa?

Mahali nako kuna uzito wake, na hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu wa upande wangu. Uchomaji wa mapema unafaa nyasi za chini, wala usifikishwe kabisa kwenye vichaka vya juu. Kule kuna ile miti minene ya senesio ambayo majani yake makavu hayadondoki, bali hubaki yameuzunguka mti na kuukinga na baridi ya usiku. Moto ukipita huanza na majani hayo, na mti ukishavuliwa kinga yake hubaki wazi mbele ya barafu. Mfano wa milima ya Rwenzori tunao: moto wa Februari 2012 uliteketeza uoto wa juu, na Mei 2013 mto Nyamwamba, unaotoka huko juu, ukafurika na kuharibu mji wa Kilembe. Watafiti waliochunguza mafuriko yale walitaja kuungua kwa uoto wa juu miongoni mwa sababu zilizoyakuza.

Kwa wasiowahi kuushuhudia, moto wa mlimani hauzimwi kwa maji, kwa kuwa gari la zimamoto halifiki. Watu hujipanga mstari, wengine wakifyeka kwa panga na kukwangua udongo mpaka utupu, wengine wakiupiga moto kwa matawi mabichi. Penye udongo wa mboji moto huzama chini, ukaibuka tena siku kadhaa baadaye watu wakidhani umekwisha, ndiyo maana lazima wabaki walinzi wa kukesha. Kazi hiyo inahitaji mikono mingi inayoishi karibu.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni hii: ukiwalipa watu kuzima moto, wapo watakaouwasha ili walipwe. Ni hoja ya kweli. Jibu langu ni kwamba malipo yasihesabiwe kwa moto uliozimwa, bali kwa msimu uliopita bila eneo la kijiji kuungua, na mkataba utiwe saini na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), wawakilishi wa wafugaji na mkuu wa askari wa eneo. Mikataba ya aina hiyo si migeni, kwani vipo vijiji vilivyokwisha kukubaliana na hifadhi juu ya mizinga ya nyuki na machipukizi ya mianzi. Fedha za kuanzia zaweza kutoka katika asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi ambayo kisheria ni haki ya jamii jirani.

Sasa nawaomba wanaotaka askari waongezwe watujibu hili: moto ukianza usiku juu ya kijiji, na kituo cha askari kiko mwendo wa saa nyingi kwa miguu, ni nani atakayeufikia kwanza, na kwa makubaliano gani?