UKOO WA NGAMIANI 🏠 (gumzo la kikundi)

Jumatano

19:08 Da Zuhura: Asalaam alaykum familia. Shikamooni wakubwa. Naomba hii kila mtu aisome mpaka mwisho, asiruke.

19:10 Da Zuhura: Jana usiku Mama kasikia harufu ya plastiki sebuleni, akadhani jirani anachoma taka. Saa nne usiku nani anachoma taka? Asubuhi Mwanaidi kapita kumjulia hali, kakuta soketi ya nyuma ya kabati la vyombo imeyeyuka.

19:10 Da Zuhura: 📷 Picha

19:11 Da Zuhura: Angalieni ukuta ulivyo mweusi hapo juu. Halafu angalieni pazia liko wapi.

19:34 Da Zuhura: Naona tiki za bluu tu.

19:35 Rehema: Yarabi. Mama mzima lakini?

19:35 Da Zuhura: Mzima. Anasema tusimsumbue yuko kwenye tamthilia.

19:36 Salimu: si nilisema Mama asipike na soketi 😂

19:36 Rehema: 😂😂😂

19:37 Da Zuhura: Salimu, sio leo.

19:41 Mwanaidi: Plagi iliganda humo ndani, ikabidi Jumaa azime kwanza ndo tuichokonoe na bisibisi. Zile pini zimekuwa kahawia, plastiki yake imevutika kama ubani uliotafunwa. Na kwenye ekstensheni hiyo moja kulikuwa na friji, birika, na ule waya mweupe unaopita dirishani.

19:42 Hamisi (Muscat): waya gani unapita dirishani?

19:42 Mwanaidi: Wa chumba cha nyuma. Wa mpangaji.

19:42 Hamisi (Muscat): 😳

19:50 Jumaa: Shikamooni. Ma'mkubwa naomba niseme. Soketi ni kionjo tu. Birika la Bibi ni wati 2000. Mpangaji ana jiko la sahani mbili, nimesoma kibandiko chake, wati 2000 na yeye. Plagi moja mwisho wake ampia 13, kwa umeme wetu wa volti 230 ni kama wati 3000 hivi. Hao wawili wakiwasha kwa pamoja tayari 4000, friji sijaihesabu. Na ile ekstensheni waya wake mwembamba kama wa redio.

19:51 Salimu: profesa

19:52 Jumaa: Sasa na breka nayo ina shida. Nimefungua dibii, lile sanduku la breka, nimekuta ya soketi za sebuleni sio ile ya ampia 20. Imewekwa ya 40.

19:52 Da Zuhura: Kwa lugha ya watu, Jumaa.

19:54 Jumaa: Breka kazi yake kuulinda waya ulio ukutani. Waya wa soketi pale ni wa milimita za mraba 2.5. Ukiuwekea breka ya 40, waya unapikika ndani ya ukuta na breka inaona kila kitu shwari.

19:55 Da Zuhura: Nani aliweka 40?

20:09 Da Zuhura: Nimeuliza nani aliweka 40.

20:21 Mjomba Shabani: Ile 20 ilikuwa inakata kila jioni. Dada yangu anakaa gizani nyinyi mko Dar mko Uarabuni. Nikaleta fundi akaweka inayostahimili. Toka Ramadhani haijakata hata siku moja. Ndo shukrani zenyewe hizi.

20:22 Da Zuhura: Shikamoo Mjomba. Hakuna anayekulaumu. Fundi yupi?

20:23 Mjomba Shabani: Fundi ni fundi.

20:23 Mwanaidi: Yule yule wa bati?

20:23 Rehema: Mwanaidiiii

20:24 Mjomba Shabani: Nilijua tu tutafika kwenye bati.

20:26 Hamisi (Muscat): kwa kuwa mmelitaja. pesa nilituma ya bati 40. juu ya paa zipo 31. mie si mtu wa hesabu lakini 9 zimeenda wapi

20:26 Mjomba Shabani: Ukija likizo upande ukahesabu vizuri, baba.

20:27 Mjomba Shabani: Ujumbe huu ulifutwa

20:27 Salimu: nimewahi kuusoma 👀

20:28 Da Zuhura: JAMANI. Tunazungumzia moto.

20:30 Mwanaidi: Ni jambo hilo hilo Dada. Pale bati zilipopungua ndipo mvua inapoingia, juu ya taa ya korido. Masika hii maji yalitiririka kwenye waya mpaka kwenye holda. Mama kaning'iniza kopo la rangi chini ya balbu. Balbu inawaka, kopo linajaa.

20:31 Rehema: Subhanallah

20:31 Jumaa: Swichi ya ile taa nimeifunga kwa tepu isiwashwe.

20:33 Rehema: Na friji je? Ile si toka zamani inatekenya? Mimi naifunguaga na kanga 😅

20:33 Salimu: Mama akitaka maji baridi anaanza na shahada

20:34 Rehema: 🤣🤣🤣 we mtoto

20:34 Mwanafatuma: 🤣

20:34 Da Zuhura: Mwanafatuma upo! Miezi mitatu hujasema neno umekuja kucheka.

20:38 Jumaa: Hiyo ya friji ndo inayonitia hofu kuliko soketi. Nimezunguka nyuma kwenye athi rodi, ile nondo ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, pale karibu na karo. Kibano kimeliwa na kutu chote, hewa ya bahari hii, na waya wa kijani umekatika unaning'inia tu. Nyumba nzima haina athi. Umeme ukivuja kwenye bodi ya friji hauna pa kwenda, unamsubiri mtu. Mtu mwenyewe peku, sakafu imedekiwa, mikono mibichi.

20:39 Rehema: Jumaa nyamaza nimeshasisimka

20:40 Da Zuhura: Friji izimwe leo.

20:44 Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti 0:11

20:45 Da Zuhura: Kwa mlio kazini: Mama anasema friji isizimwe, ina barafu za ukwaju, watoto wa madrasa wanakuja kesho, na mtu asimfanye mgonjwa.

20:46 Salimu: barafu zinauzwa bei gani siku hizi

20:46 Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti 0:04

20:47 Salimu: 😂😂 mia mbili, nimesikia, shikamoo Mama

20:52 Jumaa: Nimeihamishia chumbani kwake, kule breka bado ni ile ya 20. Soketi za sebuleni zote nimezima. Bibi nimemwomba avae kandambili akiifungua. Kibano cha shaba sio ghali, kesho naweza kukifunga.

20:52 Da Zuhura: Usiguse.

20:53 Mwanaidi: Mtoto yuko mwaka wa pili chuo cha ufundi VETA Dada, mnamwita kuhamisha makabati tu.

20:53 Da Zuhura: Simdharau. Nataka aje mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati, apime kwa mashine, aandike na jina lake. Jumaa asimame pembeni aone.

20:55 Mjomba Shabani: TANESCO si wapo. Waitwe, bure.

20:56 Da Zuhura: TANESCO mwisho wao mita, Mjomba. Kutoka mita kuingia ndani ni kwetu.

21:03 Da Zuhura: Haya. Nimeongea na fundi wa huko Tanga mwenye leseni. Anakuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Kwa kuanzia: athi mpya, dibii mpya yenye ile breka ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja, soketi za sebuleni, na taa ya korido. Waya awe nao wenye alama ya ubora ya TBS, sitaki ule wa alumini uliopakwa shaba juu. Tukichanga 70,000 kila nyumba tunaanza. Mimi nimeshatoa.

21:04 Da Zuhura: 1. Zuhura ✅
2.

21:40 Da Zuhura: 2.

21:58 Rehema: 2. Rehema (tarehe 28 mshahara ukitoka 🙏)

22:10 Hamisi (Muscat): flati ninayokaa ipo hiyo breka ya kukata umeme ukivuja, ina kitufe unabonyeza mara moja kwa mwezi kuona kama bado nzima. mie natoa hata ya watu wawili. ila safari hii nataka risiti. na picha ya kila kitu

22:11 Mjomba Shabani: Mwambieni huyo kijana kuna watu walimbeba mgongoni.

22:11 Salimu: 3. Salimu (pambano la Simba na Yanga likiisha salama)

Alhamisi

05:52 Shangazi Mwanaharusi: Poleni sana wanangu nimeamka nimekuta meseji nyingi. Mazishi saa ngapi?

05:58 Rehema: Shangazi hajafa mtu 😭 ni soketi

06:04 Shangazi Mwanaharusi: Alhamdulillahi. Nilishatafuta nauli.

06:05 Salimu: itume hiyo nauli kwa Zuhura

06:30 Shangazi Mwanaharusi: 📷 Picha (Alhamisi Njema, maua)

07:15 Da Zuhura: Mpangaji mwenyewe kaambiwa? Maana waya wa dirishani bado upo, Mwanaidi kauona alfajiri.

07:40 Mwanaidi: Kaambiwa. Anasema kodi yake ni pamoja na umeme, alikubaliana hivyo na Mjomba.

07:41 Hamisi (Muscat): kumbe LUKU ya Mama ndo inampikia

07:41 Hamisi (Muscat): mie natuma ya LUKU kila wiki

07:42 Da Zuhura: Hamisi subiri.

07:42 Hamisi (Muscat): nasubiri toka mwaka wa bati

12:47 Baba Mkubwa Athumani: NIMESOMA YOTE MIWANI ILIKUWA IMEPOTEA. UMEME WA NYUMBA ILE NILIINGIZA MIMI NA MAREHEMU NDUGU YANGU MWAKA 1986 TULIUZA MBUZI SITA. WAYA ZA UKUTANI NI ZILE ZILE HAKUNA ALIYEZIBADILISHA. SASA MKE WA NDUGU YANGU ANALALA JUU YA KUNI NA NYINYI MNAHESABIANA BATI

12:55 Baba Mkubwa Athumani: SHABANI WEWE SHEMEJI YANGU NAKUHESHIMU. WAYA WA DIRISHANI UTOKE LEO KABLA YA MAGHARIBI. KODI YA CHUMBA CHA NYUMA MIEZI MITATU ITENGENEZE UMEME. ASIYEKUWA NACHO ASIDAIWE. BATI NISILISIKIE MPAKA NIJE MWENYEWE NIKAE KWENYE MKEKA

12:56 Mwanaidi: Sawa Baba Mkubwa. Shikamoo.

12:56 Rehema: Tumesikia Baba

12:56 Salimu: Sawa Baba Mkubwa

12:57 Mwanafatuma: Sawa Baba

12:57 Omari (Korogwe): Shikamoo Baba Mkubwa, sawa kabisa

12:58 Bi Tatu: Sawa Baba

12:58 Hamisi (Muscat): Sawa Baba Mkubwa. Samahani.

12:59 Da Zuhura: Ahsante Baba Mkubwa. (Kumbe vidole mnavyo nyote.)

17:48 Jumaa: Waya wa dirishani umetoka. 📷 Picha

17:49 Jumaa: Ulikuwa umeungwa sehemu tatu, muungo mmoja umefungwa na mfuko wa nailoni.

17:50 Rehema: Ya Allah

17:51 Da Zuhura: Mjomba?

21:33 Mjomba Shabani: Nimemsikia shemeji. Mpangaji atapikia gesi. Ila kodi ya miezi miwili ilishachukuliwa mbele.

21:33 Da Zuhura: Imechukuliwa na nani?

21:50 Mjomba Shabani: Tutaongea mkekani.

Ijumaa

09:12 Da Zuhura: Orodha mpaka sasa: mimi ✅, Hamisi ✅✅, Omari wa Korogwe ✅ (30,000, Mungu akuzidishie). Rehema tarehe 28. Salimu tunajua. Kwa hela hii athi, dibii na soketi zinatosha. Waya za ukutani na korido bado.

09:14 Mwanaidi: Korido hata wakiweka waya wa dhahabu, maji yataingia tu mpaka paa lizibwe.

09:14 Da Zuhura: Mwanaidi. Mkekani.

09:15 Mwanaidi: Sijasema bati. Nimesema paa.

11:20 Salimu: jamani kuna mtu ana linki ya pambano?

11:21 Omari (Korogwe): inbox

14:05 Da Zuhura: Kesho saa tatu nani atamfungulia fundi? Mama ana kliniki ya presha.

15:30 Da Zuhura: Nani atamfungulia fundi?

15:46 Mwanaidi: Mimi nina zamu. Jumaa yupo lakini funguo ya chumba chenye mita anayo Mjomba.

15:47 Da Zuhura: Mjomba naomba uwepo, au funguo imfikie Jumaa usiku huu.

16:20 Mjomba Shabani: Nitakuwepo. Na fundi wangu nitamleta, wasaidiane.

16:20 Da Zuhura: Mjomba asije tafadhali.

16:21 Rehema: 🙈

18:02 Jumaa: Ma'mkubwa niko duka la vifaa. Yule fundi kaniagiza nitangulize breka moja, ile ya 40 itoke leo leo. Ya 20 imeisha. Ipo ya 16 na ya 32.

18:03 Mjomba Shabani: Chukua 32 haisumbui.

18:03 Da Zuhura: 16!!! Jumaa chukua 16.

18:04 Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti 0:06

18:05 Jumaa: Bibi anauliza friji ikirudi sebuleni, hiyo 16 itaiweza?

18:06 Da Zuhura: Itaiweza, friji na taa zake. Birika atumie peke yake. Jumaa nipigie.

18:09 Mjomba Shabani: Nipigie mimi kwanza.