Mrejesho: saa za Pebble ziliuzwa ngapi?

Wakuu, niliuliza namna ya kukadiria idadi ya saa janja (smartwatch) za Pebble zilizouzwa kabla kampuni haijafungwa mwishoni mwa 2016. Asanteni sana.

Ushauri wa kuanzia Kickstarter (tovuti ambako watu huchangia bidhaa kabla haijatengenezwa) ulinipa kiwango cha chini: 2012 walichangia saa ya kwanza watu karibu 69,000, na toleo la Pebble Time la 2015 likavuka wachangiaji 78,000. Kumbe hao ni sehemu ndogo tu! Mdau aliyesema nisome maandishi ya mwanzilishi, Eric Migicovsky, ndiye aliyemaliza kazi: 2022 aliandika kuwa waliuza zaidi ya milioni 2.

Ile fomula ya vifaru vya kivita vya Wajerumani, ya kukadiria jumla kwa namba za utambulisho (serial) za sampuli chache (namba kubwa kuliko zote, jumlisha namba hiyo ikigawanywa kwa idadi ya sampuli, toa moja), ni tamu kwenye karatasi. Ila namba za Pebble zimechanganya herufi na tarakimu, sikujua ipi inatangulia ipi. Nimeiacha. Kuhesabu waliopakua programu ya saa hizo Play Store nako hakusaidii: idadi huonyeshwa kwa ngazi tu, na wenye iPhone hawamo.

Mgawanyo wa kila toleo bado sina. Mwenye njia aniambie.