MJADALA: Hasi mara hasi ni chanya. Tumwambie mtoto au tumwache aione mwenyewe?

Mwanzisha mada:
Wakuu kuna wanaotaka hesabu ifundishwe kwa uchunguzi, yaani swali kwanza, mwanafunzi ahangaike nalo, kanuni ije baadaye, na kuna wale wa kanuni ubaoni, mfano mmoja, haya fanyeni maswali ishirini. Mi niko na uchunguzi. Ukimpa mtoto hasi mara hasi kama amri atapata vema leo, mwezi ujao anakuandikia -2 + -3 = 5 maana "hasi mbili zikikutana zinakuwa chanya". Aliyewahi kushika chaki anaijua hiyo. Sasa mwandikie 3 × -2 = -6, 2 × -2 = -4, 1 × -2 = -2, 0 × -2 = 0 halafu nyamaza. Ataona majibu yanapanda mbili mbili na -1 × -2 atakutajia mwenyewe. Dakika kumi tu.

Mchangiaji 1:
Dakika kumi za nani mkuu? Wanaoona ni walewale watatu wa mbele, wengine wanasubiri waambiwe, so wameambiwa tu, tofauti aliyewaambia ni mwenzao. Watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark waliliandika hili 2006, anayeanza somo kichwa chake kinabeba vitu vichache kwa mpigo, ukimwachia atafute, nguvu yote inaishia kwenye kutafuta. Mpe mfano uliokokotolewa hatua kwa hatua.

Mchangiaji 2:
Na wakigundua uongo je? Chora duara, weka nukta 2 kwenye mstari wake, unganisha kila nukta na kila nyingine kwa mstari ulionyooka, duara linagawanyika vipande 2. Nukta 3 vipande 4, nukta 4 vipande 8, nukta 5 vipande 16. Uliza za 6 uone, darasa zima 32! Ni 31 (hata ukizipanga hovyo hovyo ili mistari mitatu isikutane sehemu moja, haizidi hapo). Wamechunguza vizuri kabisa na wamekosa.

Mwanzisha mada:
Hiyo ya duara mi ningeifundisha makusudi, waone kwamba mpangilio sio uthibitisho. Hata jedwali langu linashawishi tu, halithibitishi. Baada ya hapo nashika chaki mwenyewe: -2 × (3 + -3) ni sifuri, ukifungua mabano unapata -6 na -2 × -3, sasa ili jumla iwe sifuri hiyo ya pili itakuwa nini kama sio 6? Hapo simwachii mtu agundue. Mtafiti Alfieri na wenzake 2011 walijumlisha tafiti 164, walioachwa wagundue peke yao walizidiwa na waliofundishwa moja kwa moja, ila uchunguzi wenye mkono wa mwalimu ndani ukazishinda njia zingine. Mchangiaji 1, kwa hao watatu wa mbele umenipata kweli, dawa yangu kila mtu aandike jibu lake kabla mdomo wowote haujafunguka, na bado kuna wanaochungulia.

Ila nijibu na wewe, huyo wa -2 + -3 = 5 hatua zote kazifuata kama ulivyompa, unamrudishaje?