Wauza miche wa Mombasa, mwatuuzia miti ya baridi kwenye joto hili mpaka lini?

Nyinyi mnaopanga miche kando ya barabara kuanzia Nyali mpaka Mtwapa, na nyinyi mnaotuletea mlangoni kwa bodaboda, uzi huu ni wenu. Waaminifu wapo, nawajua, na hawatakasirika kuusoma. Wengine wakasirike tu.

Mamangu yuko Kisauni na ana uwanja mdogo nyuma ya nyumba. Muuzaji mmoja alimuuzia mitufaha aina ya Anna, akamwapia kwamba ni tufaha la hali ya hewa ya wastani, halihitaji theluji, na Mombasa litazaa kabla hata ya miaka miwili kwisha. "Mamangu, huu wapenda joto, wewe mwagilia tu." Mche mmoja shilingi 1,500. Mama akanunua samadi, akatafuta kijana wa kuchimba mashimo, akawa anamwagilia asubuhi na jioni. Mpaka leo ni majani matupu, ua hata moja halijatoka. Akipiga simu anaambiwa ongeza mbolea, subiri. Mbolea yenyewe anauza yule yule!

Sasa sikilizeni, maana wanaodanganywa ni wengi. Anna ni tufaha lililozalishwa Israeli, kwa sehemu zenye baridi fupi. Hiyo ndiyo "wastani" inayosemwa: matufaha mengi ya Ulaya hutaka saa 800 na zaidi za baridi ya chini ya nyuzi 7, Anna hutosheka na saa 200 hadi 300 hivi. Lakini ni baridi bado! Mombasa hiyo mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma na watu wakitafuta sweta, usiku ni nyuzi 20. Saa moja tu ya nyuzi 7 hatuipati mwaka mzima. Bila baridi, machipukizi ya maua hayaamki vizuri. Kwenye nyanda za juu, wakulima hunyonyoa majani kwa mkono ili mti udhani umepumzika. Muuzaji anayejua kazi yake anayajua haya, na asiyeyajua ana haki gani ya kumwapia mama mtu mzima?

Tufaha ni moja tu. Ovyo zaidi ni miembe, kwa sababu mwembe ni mti wetu na hapo hakuna kisingizio cha hali ya hewa. Jirani yetu aliuziwa mche wa embe aina ya Apple "wa kupandikizwa", yaani ulioungwa juu ya shina la mwembe mwingine, kwa bei ya kupandikizwa. Niliufungua mimi mwenyewe ule ukanda wa nailoni. Chini yake hapakuwa na kiungo chochote. Ganda lilikuwa limekwaruzwa kwa kisu kuzunguka shina, likafungwa nailoni ili lionekane limeungwa. Shina ni lile lile juu na chini, rangi ile ile, halina hata kipinda kidogo. Mtu amekaa chini na kisu akafanya hivyo kwa makusudi, mche baada ya mche. Huo ni wizi. Mwembe ulioungwa huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu au wa nne, wa kokwa waweza kukuweka miaka sita, minane, na embe likija huenda lisifanane kabisa na ulilolipia.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, fungueni. Tafuteni kiungo kama shibiri moja juu ya udongo: ganda la juu na la chini hutofautiana, na pana kovu la mshazari lililoshikana sawasawa. Chipukizi likitoka chini ya kovu hilo ni la shina la chini lililoungiwa, si la embe ulilonunua, likatwe. Angalieni na mizizi: ikiwa imejizungusha ndani ya mfuko, mche umekaa humo muda mrefu mno.

Na maji. Kwa nini hakuna muuzaji anayemuuliza mteja anamwagilia maji gani? Nyumba nyingi za mji huu zategemea visima, na vingi vina chumvi. Parachichi haivumilii chumvi, ncha za majani huungua zikawa kahawia, kisha kingo, kisha mti wote. Na hiyo parachichi aina ya Hass mnayoipigia debe hustawi zaidi huko juu bara, mita elfu moja na kwenda mbele kutoka usawa wa bahari. Michungwa nayo mwaiuza kwa watu ambao uwanja wao ni mawe ya matumbawe matupu. Chokaa ya humo huzuia madini ya chuma, majani yakawa manjano na mishipa kijani, kisha mwawauzia dawa ya kupuliza!

Ilhali miti ya hapa ipo. Mkomamanga, chikoo na mkunazi huvumilia chumvi. Mpera haubagui udongo. Mstafeli na mtopetope huzaa vizuri kwenye uwanja mdogo. Embe tuna Ngowe, tuna Boribo. Nikiuliza Ngowe iliyoungwa naambiwa hakuna, chukua tufaha. Kwa sababu Ngowe haina faida ya shilingi 1,500.

Kukagua miche ni kazi ya KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, na kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, kiko hapo hapo Mtwapa. Basi kila muuzaji aandike kwenye mche: aina gani, umeungwa au wa mbegu, umetoka kitalu gani. Na atoe risiti yenye maneno hayo hayo. Akikataa kuandika, msinunue kwake.

Na wewe uliyemuuzia mamangu, unajijua. Rudisha pesa zake zote, pamoja na za mbolea. Mvua ya mwaka yakaribia na bado anataka kupanda. Wengine wote mliouziwa hivi, wekeni hapa picha ya kiungo na aina mliyoambiwa, tuwaonyeshe wenzetu kabla hawajaanza kuchimba mashimo.