Mafundi wa bati Unguja, nani kakufundisheni kupiga msumari bondeni?

Assalaam alaykum. Nina hasira, mtanisamehe nikipitiliza.

Nipo Fuoni. Wakati wa kaskazi, jua kali na mbao kavu, nikamwita fundi anitengenezee paa mapema kabla masika haijaingia. Sikutaka makubwa. Bati zilizooza zibadilishwe, misumari iliyolegea ing'olewe, kofia, lile bati la kileleni, ifungwe upya, mfereji wa nyuma ya ukuta usafishwe. Akapanda, akashuka, akasema, "Bi mkubwa, hii kazi ya siku mbili tu." Akachukua pesa ya vifaa na nusu ya ufundi, kisha akapotea. Simu haipokelewi. Ikipokelewa, yuko Nungwi kwenye hoteli, mara yuko Paje, mara kafiwa. Alikuja kuonekana ndani ya Ramadhani, akaipiga kazi baina ya adhuhuri na alasiri kwa haraka ya mtu anayewahi futari, akaondoka na pesa iliyobaki.

Mvua ya maana ikanyesha baada ya Idi. Zamani palikuwa panavuja pahala pamoja tu, pembeni mwa chumba cha watoto. Sasa panavuja ukumbini, jikoni na juu ya kitanda changu. Yaani nimelipa pesa kuongezewa matundu! Paa limekuwa kifumbu.

Nikampigia. Mnajua kanijibu nini? "Hilo ni jasho la bati." Jasho gani, yakhe, linalojaza ndoo? Nilipokaza sauti akaniambia, "Mwambie mumeo anipigie, wewe mwanamke habari za bati utazijulia wapi."

Haya, nikwambie ninavyozijua.

Kaka yangu ni seremala Wete, na Pemba mvua ni nyingi kuliko huku kwetu, kwa hivyo mapaa anayajua. Alipokuja tulipanda sote juu. Jambo la kwanza, misumari. Msumari wa bati unapigwa mgongoni, juu ya tuta, na chini ya kichwa chake pana mpira. Bondeni ndimo maji yanamopita. Huyu bwana kapiga bondeni karibu paa zima, na mingi haina mpira. Kwa nini? Kwa sababu bondeni bati limelala juu ya papi, zile mbao linapopigiliwa, nyundo moja msumari umezama, hakuna kuhangaika. Ile michache aliyopiga mgongoni kaigonga mpaka tuta limebonyea na mpira umepasuka. Tena matundu ya misumari ya zamani kayaacha wazi vile vile, mtu ukilala chali darini unahesabu nyota mchana.

Jambo la pili, kulaza bati. Bati linatakiwa limlalie mwenzake angalau mgongo mmoja na nusu. Yeye kalaza mgongo mmoja, na midomo yote, yaani kingo za bati pale zinapolaliana, kaielekeza kusini, kule kule kunakotoka upepo na mvua msimu huu. Fundi anayejua huanza kuezeka upande usiopigwa na upepo, akaja nao kuelekea upande unaopigwa, ili kusi ikivuma ikute mgongo wa bati na siyo mdomo. Huyu kaifungulia mlango.

Kofia kaiziba kwa saruji. Mchana bati linatanuka kwa jua, usiku linasinyaa, saruji haitanuki wala haisinyai nalo, inapasuka. Nyufa nimezipitisha kidole.

Na bati zenyewe sasa! Risiti aliyoniletea imeandikwa geji 28. Bati upande wa chini limepigwa muhuri wa 32. Kwa wasiojua: namba ikipanda, unene unapungua. 32 ni jembamba, kaka kalikunja pembe kwa vidole viwili. Ama fundi na muuzaji wamekula pamoja, ama mmoja kamla mwenzake, kwangu ni mamoja, aliyeliwa ni mimi. Na hapa hakuna pahala palipo mbali na bahari. Bati jembamba lenye rangi ya kudanganyia macho, chumvi ikishaligusa kwenye tundu la msumari, linaanza kula kutu hapo hapo.

Lililonichoma zaidi ni mfereji wa nyuma ya ukuta. Nyumba yetu ni ya paa la kuficha, tuliinunua hivyo, haya mambo ya kisasa. Ukuta unapanda mbele, bati linalala nyuma yake kwa mteremko mdogo, nyumba inaonekana kama boksi, watu wanaisifu. Lakini maji yote ya paa hilo yanateremkia kwenye mfereji mmoja uliobanwa baina ya bati na ukuta. Jirani ana mwembe. Majani yakiziba mdomo wa bomba, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani. Ndiyo maana mfereji niliutaja tangu siku ya kwanza. Fundi hakuugusa! Kaka katoa majani yaliyokwisha kuwa udongo, na mche wa mpapai umeota humo. Pale bati linapokutana na ukuta palitakiwa bati la kukunja, liingizwe ndani ya plasta, maji yasipate njia. Fundi kapaka silikoni, nayo ishabanduka kama ganda.

Mimi haya mapaa ya kuficha nayaona ni ujinga kwa hapa kwetu, na atakayekasirika akasirike. Hata Mji Mkongwe, zile nyumba za mawe nyingi zilikuwa na paa bapa la chokaa, wenyewe baadaye wakazifunika kwa bati la mteremko, maana mvua ya hapa si mvua ya Maskati, Omani. Aprili peke yake kwa wastani inapita milimita 300. Sisi leo tunarudi kwenye bapa kwa ajili ya picha.

Tena nilimuuliza fundi kama kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimefungwa kwenye ukuta kwa waya au nondo, maana nilisikia bati linagonga upepo ukija. Akacheka: "Zanzibar haina kimbunga." Aprili 1872 kilipiga kimbunga hapa Unguja kikaangusha mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Pemba ikasalimika, na ndiyo moja ya sababu karafuu leo ni ya Wapemba. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja pwani hii, boti za Dar zilisitishwa. Huyo anayesema hakuna kimbunga alikuwa wapi?

Najua watakuja hapa watu wa "rahisi ghali". Bei aliyoitaka fundi ndiyo niliyompa, sikumpunguzia hata mia. Na wale wa "subiri mvua ikatike" wakalale wao kwenye godoro langu.

Nnachotaka ni jina la fundi wa kweli, awe Unguja au Pemba nauli nitatoa. Masharti yangu: bati nanunua mwenyewe na muhuri nasoma mwenyewe. Misumari ya mpira, mgongoni. Papi zipakwe dawa ya mchwa kabla hazijafunikwa. Na theluthi ya ufundi inabaki kwangu mpaka inyeshe mvua kubwa nione kukavu. Anayeona masharti hayo ni matusi asijisumbue kuniandikia.

Jina la yule wa mwanzo sitaliweka, lakini najua anapita humu. Ngazi yako iko uani kwangu, fundi. Njoo uichukue, ila uje mvua inanyesha, na upitie ukumbini.