Kikundi cha Familia: Kipaimara cha Glory

JUMATANO

Neema: Shikamooni wakubwa. Gari imewasha taa ya 4WD, ile ya kuvuta kwa tairi zote nne, tena asubuhi hii nilipopeleka watoto shule. Na Jumamosi ndiyo tunapanda Kibosho na vyombo. Na mvua hii jamani.

Shangazi Sia: Marahaba. Si uipeleke kwa yule kijana wa Majengo? Ana mashine, anapima, anafuta taa, unaendelea na shughuli zako.

Mjomba Sabas: Usifute kitu.

Mjomba Sabas: Marahaba mwanangu. Waranti bado ipo? Na taa ya ABS, ya kuzuia tairi zisigande ukifunga breki, nayo imewaka?

Neema: Ipo, miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia. Bado niko mbali na vyote. ABS imewaka ndiyo, na ile yenye kigari kinachoteleza.

Mjomba Sabas: Basi mimi nashuku senza ya tairi, ile inayosoma mzunguko wake. Hizo taa tatu zote zinategemea senza zilezile. Lakini kijana akae pembeni kwanza. Kompyuta ya gari ikiona hitilafu inaandika kodi, yaani namba ya hiyo hitilafu, na mara nyingi inatunza na hali ilivyokuwa wakati huo. Akifuta, ushahidi umekwenda. Utafika kwa wakala wa gari wakwambie "mbona iko poa mama, karibu tena". Piga picha dashibodi, kilomita zionekane.

Bariki: Mjomba mbona inatembea vizuri? Jana nimeenda nayo mpaka Himo.

Mjomba Sabas: Lami ile hata bajaji inafika 😂 Gari kama hiyo kawaida inavutwa na tairi za mbele. Zikiteleza, kuna klachi ya umeme inashika, difu ya nyuma, gia inayozungusha tairi za huko, inapata nguvu. Mfumo ukiona kasoro unajizima kujilinda, unabaki na mbele tu. Mjini hujui. Utajua kwenye ule mlima wa kanisani, udongo umelowa, masufuria yamejaa nyuma.

Mama Mdogo Eli: Na ndafu.

Shangazi Sia: Haya. Wakala yuko Arusha, siku nzima inaishia huko kwa kitaa kimoja.

ALHAMISI

Neema: Nimefika. Kaka wa mapokezi hata boneti hajafungua, ananiuliza kama napita barabara za vumbi 🙄

Mjomba Sabas: Wameiandika 4WD mlango wa nyuma. Walidhani umeinunua ya kuegesha?

Neema: Sasa anasema ni matairi, eti nimechanganya.

Mjomba Sabas: Hiyo hoja nisiidharau. Tairi zikipishana saizi au kuisha, mizunguko hailingani, klachi inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Na hilo waranti hailipi. Zako vipi?

Neema: Nilifunga nne kwa mpigo Desemba, risiti ninayo, saizi ndiyo ya kwenye kibandiko cha mlangoni. Nimewaambia wapime kashata za tairi, yale meno yake, hapahapa nikiona.

Neema: Zinalingana. Kaka amekuwa mpole ghafla. Wanachomeka mashine.

Bariki: 😂😂

Mjomba Sabas: Dai jobu kadi, ile karatasi ya kupokelea gari. Waandike ulichokieleza wewe, wasiandike "sevisi". Tarehe, kilomita, na kodi waliyoisoma. Hata spea ikichelewa, itajulikana uliripoti ndani ya muda.

Neema: Ni senza ya nyuma kushoto. Wamenyanyua gari, plagi ya senza ina ukijani ndani. Meneja anasema maji yameingia, kwa hiyo ni "uharibifu wa nje".

Mama Mdogo Eli: Gari isiingie maji nchi ya masika??

Mjomba Sabas: Muulize mpira wa kuzuia maji kwenye plagi uko wapi. Kama upo, haujakatika, hakuna aliyefungua, na maji yamepita, hilo ni la kwao. Akikataa atoe sababu kwa maandishi, uende nayo FCC, Tume ya Ushindani, wanapokea malalamiko ya walaji.

Neema: Fundi wake mwenyewe amesema plagi haijawahi kuguswa. Meneja ameenda kupiga simu.

Mjomba Sabas: Shangazi, unaona sasa yule kijana angefungua hiyo plagi tungekuwa wapi?

Shangazi Sia: Sijasema kitu mimi.

Neema: WAMEKUBALI. Senza na waya wake, bure. Spea inatoka Dar, wiki ijayo. Jobu kadi ninayo, ina muhuri.

Mjomba Sabas: Safi. Rudi polepole, breki zipo ila ABS haipo, usikanyage kwa nguvu kwenye utelezi. Jumamosi hiyo gari ibaki Moshi, vyombo vipelekwe na pikapu ya Bariki. Na Bariki, 4WD ya pikapu ingiza ukianza tope. Ukiiacha kwenye lami kavu unakaza difu bure.

Bariki: Sawa Mjomba. Dizeli nani anaweka?

Neema: Nakutumia kwa simu sasa hivi.